Sehemu Yake na Sehemu Yetu: Somo la Kufanya Kazi Pamoja na Mungu

Andiko kuu: 1 Wakorintho 3:5–9
Mengine ya kusoma: Mwanzo 24, 2 Wafalme 20:1–7, Wafilipi 2:12–13, Malaki 2:14



Muhula huu kwenye kikundi chetu cha Biblia tumekaa na neno moja ambalo wengi wetu tunalitumia bila kulipima: kushirikiana na Mungu. Utalisikia kwenye mikesha, kwenye semina za uchumba, hata mlangoni mwa chumba cha mtihani. Mmoja anasema, "Mimi nimemwachia Mungu," wakati daftari hajalifungua tangu bumu liingie. Mwingine anasema, "Bwana, ubariki mpango huu," wakati mpango wenyewe ameshaumaliza peke yake na kilichobaki ni mhuri tu. Wa kwanza amemgeuza Mungu kibarua wa kumfanyia kazi, wa pili amemgeuza mfadhili.

Nimeandika somo hili kwa sababu naamini Biblia inatuonyesha njia nyingine, na kwa sababu jambo hili likikosewa watu wanaumia kweli, hasa kwenye suala la kuoa na kuolewa. Mifano mingi nitaitoa nyumbani, Karatu na Ngorongoro, maana huko ndiko ninakokufahamu.

1. Mvua na tabaka gumu

Wakorintho walikuwa wamegawanyika kwa vyama: huyu wa Paulo, yule wa Apolo. Paulo akawajibu kwa lugha ya shamba. Yeye alipanda, mwenzake akatia maji, lakini aliyekuza ni Mungu. Kisha akaongeza kwamba wao ni watu wanaofanya kazi pamoja na Mungu. Hebu angalia mambo mawili hapo. Kazi ya kukuza hakukabidhiwa mtu yeyote. Na kazi ya kupanda, Mungu hakuifanya badala ya Paulo.

Mkulima wa Karatu analielewa hili upesi. Mashamba mengi kwetu yako kwenye miteremko, na yamelimwa miaka mingi kwa plau ya ng'ombe au kwa trekta, msimu baada ya msimu, kina kilekile. Chini ya udongo uliolimwa likajitengeneza tabaka gumu. Mvua ikinyesha, maji hayashuki chini. Yanateremka juu kwa juu na kuondoka na udongo. Makorongo unayoyaona ukipita yana uhusiano na jambo hilo. Wataalamu wa kilimo hifadhi waliofanya kazi na wakulima wa Karatu wakafundisha kulivunja tabaka hilo kwa ripa, yaani jembe la jino linalochana ardhi bila kuigeuza, likikokotwa na maksai. Pia kuacha mabaki ya mazao shambani, na kupanda ngwara katikati ya mahindi ili ardhi isibaki uchi. Si kazi rahisi. Mabaki hayo hayo ng'ombe wanayadai wakati wa kiangazi, na lazima mwenye shamba aamue.

Sasa, ripa haijawahi kuleta mvua hata siku moja. Lakini mvua nayo haimchanii mtu shamba lake. Jirani wawili wanaweza kunyeshewa na wingu moja, mmoja akabaki na unyevu, mwingine akabaki na korongo. Ipo sehemu ya Mungu, ipo sehemu yetu, na hatubadilishani. Wafilipi 2:12–13 inaziweka pamoja: tuufanyie kazi wokovu wetu, kwa sababu Mungu mwenyewe anafanya kazi ndani yetu. Inasema "kwa sababu". Kazi yake ndiyo inayoipa yetu maana.

2. Anayeanza ni Mungu

Kabla hatujaenda mbali, tuweke jambo moja sawa. Tukisema "sehemu yake na sehemu yetu", mtu anaweza kufikiri ni nusu kwa nusu, kama kuchangia kodi ya chumba. Siyo hivyo.

Mwaka 1966 padri Mmarekani wa shirika la Roho Mtakatifu, Vincent Donovan, alimwandikia askofu wake kutoka misheni ya Loliondo, huko huko wilayani Ngorongoro. Misheni ilikuwa na shule na hospitali, na Wamasai walizitumia. Lakini aliona kwamba habari yenyewe ya Mungu haizungumzwi nao. Akaomba aende bomani kwao kuzungumza juu ya Mungu, basi. Safari hizo alizisimulia baadaye katika kitabu chake, Christianity Rediscovered, kilichotoka mwaka 1978.

Humo anaeleza jinsi mzee mmoja wa Kimasai alivyomsahihisha kuhusu neno "imani". Neno alilolitumia padri, kwa mzee yule, lilikuwa la kukubali tu. Ni kama mwindaji mzungu anayempiga mnyama risasi kutoka mbali: jicho na kidole tu ndivyo vimefanya kazi. Mtu anayeamini kweli, akasema, anafanana na simba anayewinda kwa pua, masikio, miguu na nguvu zote za mwili, mpaka amkumbatie mnyama na kumfanya sehemu yake. Wahubiri wengi tungefunga mahubiri hapo na watu wangepiga makofi. Mzee hakufunga. Akamkumbusha padri kwamba wao hawakumtafuta. Yeye ndiye aliyewafuata mpaka malishoni na nyumbani mwao. Padri amekuwa akiwahimiza wamtafute Mungu, kumbe Mungu ndiye aliyekuwa anawatafuta. Katika ule mfano, simba hakuwa mwanadamu. Simba alikuwa Mungu.

Sisi wanachuo tunapenda kujihesabia: nimefunga siku ngapi, nimekesha mara ngapi. Mzee anatuweka mahali petu. Pale bustanini Adamu alijificha, na Mungu ndiye aliyeanza kuuliza (Mwanzo 3:9). Kwa hiyo swali letu la kwanza lisiwe "Namwingizaje Mungu kwenye mpango wangu?" Liwe hili: "Mungu tayari anafanya nini hapa, na kipande changu ni kipi?"

3. Katika imani: sala na mkate wa tini

Wengi tunakumbuka, au tumesimuliwa, mwaka 2011. Maelfu ya watu walisafiri mpaka kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Foleni za magari zilikuwa za kutisha. Simlaumu mtu aliyepanda gari akiwa na mgonjwa wake na tumaini la mwisho. Ninachotaka tukione ni hiki: wapo waliporudi wakaacha dawa zao, zikiwemo za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, wakidhani kuendelea kuzimeza ni kukosa imani. Madaktari walilazimika kuwasihi wagonjwa wasiache dawa.

Soma 2 Wafalme 20. Hezekia anaumwa, anaomba kwa machozi, na Mungu anamwahidi miaka 15 zaidi. Kisha nabii yule yule aliyeleta ahadi anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa vimetoka kinywa kimoja! Basi mwenye mtihani aombe na asome. Mwenye sonona aombewe na aende kwa mshauri au hospitali. Kufanya sehemu yako si kumshuku Mungu.

4. Katika uchumba na ndoa

Hapa ndipo penye machungu. Kuna sentensi inazunguka vyuoni: "Dada, Mungu amenionyesha kwamba wewe ni mke wangu." Rafiki yangu mmoja, aliyeniruhusu nisimulie bila jina, aliambiwa hivyo na kiongozi wa kikundi chake cha maombi, mbele ya watu wawili waliosema nao "wameoneshwa". Alipoomba muda wa kufikiri, akaambiwa anapigana na Mungu. Akakosa usingizi, akakosa jaribio la somo moja, mwisho akaacha kuja kwenye ibada. Hakuwa amekataa kuolewa. Aliuliza tu kama na yeye ana neno la kusema.

Sasa fungua Mwanzo 24. Mtumishi wa Ibrahimu ameapa kiapo, amesafiri na ngamia kumi, ameomba ishara kisimani, na ishara imetimia hata kabla hajamaliza kuomba. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "nimeoneshwa", ni yeye. Lakini fuatilia anachofanya. Anauliza yule binti ni wa nani. Anakwenda kwao. Anakataa kula kabla hajaeleza shida iliyomleta, na ndugu wanampa jibu. Asubuhi, kabla ya safari, Rebeka anaitwa na kuulizwa mwenyewe kama atakwenda. Anajibu kwa kinywa chake kwamba atakwenda. Ishara ya Mungu haikufuta swali kwa Rebeka.

Donovan naye anasimulia jamii moja ya Wamasai iliyomsikiliza kwa muda mrefu, halafu ikakataa ubatizo. Iliuma, lakini alijifunza kwamba watu wana haki ya kukataa. Kama wito wa Mungu mwenyewe unamwachia mtu nafasi ya kusema hapana, ono la kaka wa mwaka wa tatu litaifungaje?

Hata sheria ya nchi inajua hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaja ndoa kuwa muungano wa hiari, na inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe siku 21 kabla. Makanisani nako wachumba hutangazwa Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. Wengine wanaona ni urasimu. Mimi naona ni nafasi ya kuuliza, kama ile aliyopewa Rebeka.

Kwa hiyo kaka, ukiamini umeoneshwa, litunze kama ombi. Nenda kama anayeuliza, na jibu lake lihesabu kuwa ni jibu. Dada, "hapana" yako au "nipe muda" si vita dhidi ya Mungu.

Na wale ambao tayari mmekubaliana, sehemu yenu bado ipo. Tumezoea kamati ya harusi kukaa vikao kumi kuhusu ukumbi na michango, huku wachumba wenyewe hawajakaa hata mara moja kuzungumzia mkopo wa HESLB unaosubiri kurejeshwa, wadogo watakaosomeshwa, au kwenda kupima afya. Kuunganisha ni kazi ya Mungu. Kuambiana ukweli ni kazi yenu. Malaki 2:14 inasema Mungu ni shahidi kati ya mume na mke, na shahidi hasahau kilichosemwa baada ya wapiga picha kuondoka.

5. Katika kanisa

Ukiteremka kutoka Karatu mjini kwenda Mang'ola utakuta vitunguu vikimwagiliwa kwa maji ya chemchemi za Qangded. Maji hayo yanategemea misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro. Anayelinda mti kule juu hamjui mwenye kitunguu huku chini, lakini wanafanya kazi moja. Kanisani ni hivyo hivyo. Anayeongoza sifa anaonekana. Anayebaki kuosha sufuria baada ya kongamano haonekani.

Donovan anasimulia pia mzee aliyeitwa Ndangoya. Baada ya karibu mwaka mzima wa mafundisho, padri alianza kuchambua nani abatizwe: huyu amekosa vipindi vingi, yule haelewi vizuri. Ndangoya akamzuia kwa heshima. Akamweleza kwamba ni kweli wamo wavivu, lakini wenye bidii wamewasaidia. Wamo wasioelewa haraka, lakini wenye akili wamewabeba. Na wenye imani ndogo wameshikwa na wenye imani kubwa. Wameamini pamoja. Padri akawabatiza wote.

Kwa vikundi vyetu, iwe TAFES, USCF, CASFETA au TMCS, nafikiri hili linatugusa. Tunajua haraka sana kuhesabu nani "amepoa". Mwenzetu akipata sapu tunampa mstari wa Biblia, lakini hatukai naye kwenye hesabu. Rafiki yangu niliyemtaja alipoacha kuja, kikundi kile kilimwombea arudi. Hakuna aliyekwenda chumbani kwake kumuuliza kilichotokea. Mungu alikuwa ameshamtafuta; miguu ya kwenda ilikuwa ya wenzake.

Maswali ya kujadili

1. Katika jambo unaloliombea sasa, sehemu ya Mungu ni ipi, na yako ni ipi? Kuna mahali umebadilisha?
2. "Tabaka gumu" la maisha yako ni lipi, yaani kitu kinachozuia mvua iliyokwisha kunyesha isikufikie?
3. Kwa nini Rebeka aliulizwa wakati ishara ilikuwa imeshatimia?
4. Kikundi chenu kina utaratibu gani wa kumlinda mtu anayelazimishwa kwa jina la ufunuo? Kama hakuna, nani ataanzisha?
5. Mtaje mmoja aliyeacha kuja. Nani atakwenda kwake wiki hii, na siku gani?

Nashauri swali la tano msiliache mpaka jina la mtu na siku vimeandikwa. Halafu ombeni, na anayekwenda aende.

Mungu awabariki.