Dondoo muhimu: Mazoezi yasiyokukomoa

Mwanamke mnene akianza mazoezi kwa kasi ya kujikomoa, mara nyingi huacha mapema, na si uvivu: nani hurudia kinachomuumiza? Chagua mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba: kutembea, kucheza muziki sebuleni, au kuingia majini, ambako magoti hubeba uzito mdogo. Vaa sidiria inayoshika vizuri na kaptura ndefu ndani ya dera, mapaja yasichubuke. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa aina hii kwa wiki, na mwongozo wake wa 2020 unahesabu hata vipande vifupi. Utaambiwa mwendo huo haupunguzi kilo. Peke yake, kweli, haupunguzi nyingi. Lakini shinikizo la damu, sukari na usingizi hunufaika hata mizani isipotikisika. Mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.