Kolo: utazame udongo kabla ya michoro

Wageni wengi wanaokwenda kuona michoro ya miambani Kondoa husinzia njiani. Lami kutoka Dodoma hadi Kolo ni nzuri siku hizi, kilomita 180 hivi, na likishapigwa jua la saa sita, karibu na Chemba, gari zima linakoroma. Jitahidi usilale. Anayefika mapangoni bila kuiona nchi huishia kuona madoa mekundu juu ya jiwe, akapiga picha na kushuka.

Dodoma iko kwenye uwanda wa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki ni ukame, mibuyu imebaki vijiti na mito imekuwa njia za mchanga. Ukiona watu wameinama katikati ya mto mkavu, usidhani wamepoteza kitu. Wanafukua mchanga, maji yapo chini, wanayachota kwa kata hadi ndoo ijae.

Baada ya mji wa Kondoa vilima vya Irangi vinaanza, na udongo unakuwa mwekundu. Tazama makorongo yake. Mifugo mingi, ukataji miti na mvua za kishindo viliichimba ardhi hii hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 ng'ombe, mbuzi na kondoo wote waliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Ulikuwa uamuzi mchungu, na wazee wanaweza kukusimulia ukiwaamkia vizuri. Lakini miti na majani yaliyofunika kingo za makorongo leo yalianza kurudi hapo.

Kolo utasimama kwenye ofisi ya mambo ya kale, ulipe kiingilio na kupewa mwongozaji. Ndipo mwende Mungomi wa Kolo kwa njia ya vumbi. Gari liwe limeinuka, hasa masika, na sehemu ya mwisho ni ya kupanda kwa miguu, mawe na mwinuko mkali. Vaa viatu vya kushika, beba maji, na uanze asubuhi.

Mapango yenyewe ni miamba mikubwa iliyoinama kama baraza, na kivuli hicho ndicho kilichookoa rangi isioshwe na mvua. Michoro myekundu ilitokana na mawe yenye chuma, yaliyosagwa. Utaona pofu, twiga, na watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa vya ajabu. Muulize mwongozaji akuonyeshe mchoro maarufu wa mtu anayevutwa mikono pande mbili. Mwanaakiolojia Mary Leakey, aliyekuja kunakili michoro hii mwaka 1951, aliona utekaji. Watafiti wengine waliona ngoma ya uganga kama simbo ya Wasandawe, ambao bado wanaishi upande wa Kwa Mtoro na Farkwa. Mimi naegemea ngoma, ingawa sina ushahidi zaidi ya macho. Michoro myeupe, ya mistari minene, ni ya baadaye, na huhusishwa na wakulima na wafugaji. UNESCO iliyaingiza maeneo haya katika urithi wa dunia mwaka 2006.

Usiguse mchoro hata kwa ncha ya kidole. Usiumwagie maji ili rangi iwake. Kuna waliofanya hivyo, na kila mara rangi ilipungua. Na ukikuta mabaki ya tambiko, pita pembeni, kwani wenyeji bado wanapanda kuomba mvua na uponyaji hapa.

Malazi yapo Kondoa mjini na Babati. Kijijini usitegemee zaidi ya chai na maandazi, basi kula kabla. Wakati wa kurudi, nunua asali na mafuta ya alizeti barabarani, ila fungua chupa unuse kwanza. Zabibu ziache hadi Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka na hununuliwa kwa bei nafuu zaidi shambani kuliko stendi.