Mtumba, Rehani na Mnunuzi: Utamaduni wa Ulaji na Wahusika wa Riwaya, kutoka Chicago hadi Unyamwezi

Utangulizi

Imekuwa ada katika uhakiki wa fasihi kuutazama utamaduni wa ulaji, yaani hali ambayo mtu hujipima na kupimwa na wenzake kwa bidhaa anazomiliki, kuwa ni maradhi yaliyozaliwa katika nchi tajiri, hasa Marekani, kisha yakaambukizwa kwingineko. Kwa mtazamo huo, mhusika wa Kimarekani ndiye mnunuzi, na mhusika wa Kiafrika ni mtu aliyeletewa tu. Makala haya yanakusudia kuupima mtazamo huo kwa kuwalinganisha wahusika wa riwaya za Kimarekani na mhusika mkuu wa riwaya iliyojengwa juu ya historia ya misafara ya bara. Hoja inayotetewa ni kwamba watu wa bara walikuwa wanunuzi wenye uchaguzi tangu zamani. Kilichowatofautisha na wenzao wa ng’ambo si tamaa ya vitu, bali ni deni.

Merikani katika njia ya misafara

Uhusiano wa Marekani na Unyamwezi katika suala hili si wa kubuni. Mwaka 1833 Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakawa wateja wakubwa wa soko la Unguja. Bidhaa yao kuu ilikuwa kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho Waswahili walikiita merikani kwa jina la nchi kilikotoka. Kitambaa hicho kilifungwa mitumba, kikachukuliwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kupita. Wapagazi wenyewe walilipwa nguo. Kilichorudi pwani kilikuwa hasa pembe za ndovu. Nyingi kati yake ziliishia katika miji ya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, zikachongwa kuwa vibonyezo vya piano. Na piano ilikuwa mojawapo ya alama kuu za heshima katika sebule ya Mmarekani wa tabaka la kati.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mnunuzi wa bara hakupokea kila alicholetewa. Richard Burton, aliyefika Tabora, wakati huo ikiitwa pia Kazeh, mwaka 1857, na Henry Stanley, aliyepita huko mwaka 1871, wote wawili waliandika kwa kirefu juu ya aina za shanga na nguo, na jinsi kila nchi ilivyokuwa na rangi yake iliyopendwa. Msafara uliobeba shanga zisizotakiwa uliweza kukosa chakula ilhali mizigo imejaa. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008, amekwenda mbali zaidi: ameonyesha kwamba matakwa ya wanunuzi wa Afrika ya Mashariki yaliathiri uzalishaji wa viwanda vya Salem na baadaye Bombay. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza upatikanaji wa merikani, wanunuzi hawakuacha kudai ubora waliouzoea.

Carrie na Gatsby

Riwaya ya Theodore Dreiser, Sister Carrie, ilitoka mwaka 1900, mwaka mmoja baada ya Thorstein Veblen kuchapisha kitabu chake juu ya tabaka la watu wanaotumia mali ili waonekane. Carrie Meeber anafika Chicago akitokea mji mdogo, anapata kazi kiwandani kwa dola nne na nusu kwa wiki, na anapita katika maduka makubwa ambamo kila kitu kinamvutia na hakuna anachoweza kukinunua. Drouet anampa noti mbili za dola kumi. Kwa fedha hizo anapata koti, na kwa koti anapata sura mpya ya nafsi yake. Dreiser anazisawiri nguo kana kwamba zina sauti za kumbembeleza msichana. Carrie anapanda hadi kuwa mwigizaji maarufu, lakini mwisho wa riwaya tunamwacha kitini akiwa bado na kiu ileile.

Katika The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald, iliyotoka mwaka 1925, nguo zinafanya kazi iyo hiyo kwa namna nyingine. Gatsby anamwaga mashati yake mbele ya Daisy, na Daisy analia kwa uzuri wa mashati hayo. Mapenzi ya miaka mitano hayakupata lugha nyingine ya kujieleza ila bidhaa. Kwa hiyo katika riwaya zote mbili mhusika hujengwa na anachokinunua: koti linamfanya Carrie, mashati yanamfanya Gatsby.

Yusuf na rehani

Abdulrazak Gurnah alichapisha Paradise mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, Peponi, ilitoka mwaka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anafurahia ziara za Ami Aziz, tajiri wa misafara, kwa sababu kila aondokapo humpa sarafu ya anna kumi. Hapa pana mwangwi wa dola ishirini za Drouet, lakini mwelekeo wake umegeuka. Carrie anapokea fedha na kwenda dukani. Yusuf anapokea sarafu, kisha yeye mwenyewe anachukuliwa na kupelekwa dukani, kwa kuwa baba yake ameshindwa kulipa deni. Ni Khalil, kijana aliyewekwa rehani kabla yake, anayemfunza kwamba Aziz si ami yake. Neno la udugu lilikuwa limefunika hesabu ya biashara.

Safari ya bara inaidhihirisha hesabu hiyo. Bidhaa zinanyang’anywa na mtawala Chatu, na wanaozifuata wanateseka na kufa kwa ajili ya mitumba isiyokuwa yao. Yusuf hajengwi na anachokinunua, kwani hanunui kitu. Anajengwa na kile ambacho yeye ni badala yake. Naye Khalil, hata baada ya deni kumalizika, haondoki. Hiki ndicho kiini cha uchungu wa riwaya: rehani ikikaa sana huwa tabia.

Mtu aweza kupinga kwamba ulinganisho huu unapuuza tofauti ya Chicago ya viwanda na bara la misafara. Pingamizi hilo lina uzito, lakini minyororo ya deni haikuwa ya watu wa chini peke yao. Katika maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe, Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Tabora, anaorodhesha frasila za pembe na mali alizokopeshwa pwani, na mkopeshaji wake mkubwa alikuwa Taria Topan wa Unguja. Tajiri naye alikuwa mdaiwa. Mnyororo mmoja ulimfunga mpagazi, tajiri wa msafara, mkopeshaji wa Unguja na mnunuzi wa piano.

Hitimisho

Uchambuzi huu una maana kwa ufundishaji wa fasihi. Ziba, katika Wilaya ya Igunga mkoani Tabora, imo katika eneo linalolima pamba, na sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa ghafi. Nguo hurudi zikiwa mitumba. Neno lililokuwa jina la mzigo wa mpagazi limekuwa, tangu mageuzi ya biashara ya miaka ya 1980, jina la nguo zilizovaliwa kwanza na wengine, nyingi zikitoka Marekani na Ulaya. Mwanafunzi wa huko akifundishwa kwamba ulaji ni athari ya kigeni tu, atajiona mpokeaji asiye na hiari, na hali wazee wake walikataa shanga zisizowapendeza. Akifundishwa kwamba uchaguzi ni uhuru kamili, hatamwelewa Yusuf. Swali linalofaa kuulizwa juu ya mhusika yeyote, awe Carrie au Yusuf, si kama anapenda vitu, bali ni nani anayelipa, na kwa nini.