ARDHI INAPOTITIA: MASHIMO YA NAKURU NA BONDE LA UFA

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, na kila mara tumeieleza kwa habari ya tabia mbaya iliyoachwa ikakomaa. Leo nataka tuichukue vile ilivyo. Sisi watu wa Nakuru ufa tunao, tena si wa ukutani. Uko chini ya ukuta, chini ya msingi, na chini ya barabara tunazopitia kuja shuleni.

Mvua kubwa zikinyesha, haikosi kusikika kwamba mahali fulani ardhi imefunguka. Wengine husema ni laana. Wengine husema eti Afrika inapasuka vipande viwili na mwisho umefika. Katika makala haya nitaeleza mashimo haya hutokea vipi, yanawaathiri watu na nchi namna gani, na kwa nini nasema kwamba mchimbaji wake mkuu ni maji.

TUANZE NA MANENO

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, tuweke msamiati sawa kwanza. Ardhi ikishuka tunasema inatitia au inadidimia. Mahali palipobonyea bila kutoboka ni bopo. Mpasuko mrefu na mwembamba ni ufa, na wingi wake ni nyufa. Maji yakiupanua ufa huo ukawa na kingo za wima kama bonde dogo, tunalo korongo. Mahali pamoja huweza kupitia majina haya yote: mwaka huu bopo, mwaka ujao shimo, baadaye korongo.

SI MASHIMO YOTE YENYE MAMA MMOJA

Kule Pwani na Zanzibar, sehemu kubwa ya nchi imekaa juu ya mwamba wa chokaa uliotokana na matumbawe. Maji ya mvua huwa na asidi kidogo, nayo huyeyusha chokaa polepole kwa maelfu ya miaka mpaka pango linapatikana. Dari la pango likiwa jembamba huanguka, na shimo huonekana juu. Kijiji cha Shimoni huko Kwale kina mapango ya namna hii, na jina lenyewe lajieleza.

Katika mlima Suswa kuna mapango ya aina nyingine. Volkano ilipomwaga lava, sehemu ya juu ilipoa ikawa ngumu huku lava ya chini ikiendelea kutiririka. Lava ilipokwisha kupita ikaacha mirija mitupu kama mabomba. Mahali dari za mirija hiyo zilipoporomoka, pana mashimo hadi leo.

Hata Menengai, mlima unaotutazama kila asubuhi, ni mtoto wa kutitia. Si kwamba mlima ulichimbwa. Lava na majivu vilitoka kwa wingi, chumba cha chini kikabaki bila mhimili, na kilele kikaporomoka ndani. Matokeo yake ni shimo lenye upana wa takribani kilomita 12 kwa 8. Wazee wa Kikuyu waliuita Kirima kia Ngoma, yaani mlima wa mashetani. Si ajabu basi kwamba hata vishimo vidogo vya mitaani husingiziwa mashetani.

KWETU NAKURU MAMBO NI MATATU

La kwanza ni udongo. Inasemekana jina Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na vumbi hilo kila mwenye viatu vyeusi analijua. Sehemu kubwa yake ni majivu ya volkano na pumisi, lile jiwe jepesi lenye vitundu ambalo huelea majini. Tena maelfu ya miaka iliyopita, ziwa Nakuru na ziwa Elmenteita yalikuwa ziwa moja kubwa, na hapa mjini palikuwa ndani ya maji. Tumejenga juu ya sakafu ya ziwa la kale. Udongo huu ukiwa mkavu husimama wima kama ukuta, lakini ukipitiwa na maji hulegea na kuchukuliwa kama unga.

La pili ni nyufa. Bonde la Ufa limekuwa likitanuka kwa mamilioni ya miaka, na mwamba wa chini umekatwakatwa, nyufa nyingi zikielekea kaskazini na kusini. Mwendo wenyewe ni milimita chache tu kwa mwaka. Kucha yako hukua kuliko hivyo kwa miezi mitatu. Mara chache ardhi hushtuka kwa ghafla, kama ilivyokuwa tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la Subukia lilipopasua ardhi kwa kilomita nyingi. Lakini miaka mingi nyufa hizi hukaa kimya, zimefunikwa na majivu, na juu yake watu wanalima na kujenga.

La tatu ni maji. Mvua ikinyesha, maji hutafuta njia ya kushuka. Yakiukuta ufa wa chini huingia, na yakiingia hayaendi mikono mitupu. Hubeba chembe za majivu kila siku, mpaka chini panakuwa na uwazi. Juu bado ni shwari, mbuzi wanakula nyasi. Siku dari linaposhindwa kubeba uzito, ndipo watu husema shimo limetokea ghafla. Kumbe ni kuonekana tu kulikokuwa kwa ghafla.

JARIBIO LA KUFANYA NYUMBANI

Jambo hili nililijaribu mwenyewe. Nilichukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, nikatoboa chini tundu la kupitisha kidole, nikauweka juu ya matofali mawili. Nikaujaza mchanga laini wenye unyevu na kuushindilia. Juu nikatandaza udongo wa mfinyanzi, unene wa vidole viwili, nikauacha na kitundu kidogo katikati. Kisha nikamimina maji polepole kwenye kitundu hicho. Maji yalitoka chini yakiwa na mchanga, lakini juu udongo haukubadilika hata kidogo. Nilipoweka kijiwe juu yake kama nyumba, kikazama chote. Mwalimu wa Jiografia akiruhusu, twaweza kulirudia darasani.

MIFANO MIWILI MIKUBWA

Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua nyingi, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikatika karibu na Suswa. Korongo lenye kina cha mita kama 15, na upana uliozidi hapo mahali pengine, lilipita mashambani na katikati ya makazi ya watu. Magazeti ya ng'ambo yakapiga mbiu kwamba Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wenyewe hawakukubaliana: wengine walitaja nguvu za ndani ya ardhi, wengine wakasema ni maji yaliyosafisha majivu yaliyokuwa yamejaa katika ufa wa kale. Kwa maoni yangu hoja hizi zaweza kukaa nyumba moja. Ufa ulitoa njia, maji yakachimba.

Mfano wa pili watoka mbali, lakini udongo ni ndugu ya wetu. Mji wa Guatemala, Amerika ya Kati, nao umejengwa juu ya majivu na pumisi. Tarehe 30 Mei 2010, wakati wa dhoruba iliyoitwa Agatha, shimo la mviringo lenye upana wa mita kama 20 lilifunguka katikati ya mji na kumeza jengo la ghorofa tatu. Wataalamu walieleza kwamba mabomba ya maji machafu yaliyokuwa yakivuja yalisaidia kulichimba. Hapo ndipo penye somo kwetu. Si mvua peke yake. Bomba lililopasuka na mtaro unaoishia njiani hufanya kazi ileile, tena mwaka mzima.

ATHARI ZAKE

Nyumba hupasuka kuta na familia huhama usiku. Barabara hukatika, matatu huzunguka mbali, na nauli hupanda. Sisi wanafunzi wa kutwa ndio tunaojua maana ya kuchelewa kwa sababu njia ya jana leo haipitiki. Ardhi nayo hubadilika sura. Shamba lililokuwa moja huwa mawili, na udongo wa juu wenye rutuba hutoweka.

Athari nyingine haionekani. Shimo likifunguka, majirani huligeuza jaa: nepi, betri, hata mzoga wa mbwa. Lakini ufa ni mlango wa kwenda chini, na maji mengi tunayotumia Nakuru hutoka katika visima vilivyochimbwa. Tunachotupa shimoni twaweza kukutana nacho tena kikombeni.

Tena kuna suala la ploti. Mama yangu na wenzake wa chama walionyeshwa kipande cha ardhi kwa bei ya kutamanisha, kimesawazishwa vizuri na kuzungushiwa waya. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe hapo akawaambia, "Kina mama, hapa palikuwa na shimo la kuzamisha lori. Lilijazwa taka na maramu juzijuzi tu." Akiba ya miaka minne ilikuwa ibaki katika shimo hilo.

DALILI NA LA KUFANYA

Mwenzangu, zingatia dalili hizi: nyufa mpya ukutani zinazozidi kupanuka, milango inayokwama ghafla, nguzo za ua zinazoinama, mstari wa mabopo baada ya mvua, na maji ya mtaro yanayoingia mahali na kupotea. Hii ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote.

Ukiona hivyo, usisogee ukingoni kuchungulia, manake ukingo ni dari pia. Wazuieni watoto, wekeni miiba au kamba, na mpelekeeni habari chifu na maafisa wa kaunti. Ongozeni maji yapite mbali: mifereji ya paa iingie tangini, na mtaro wa mtaa ufike mwisho wake. Kujaza shimo kwa udongo mtupu ni kumlisha mchimbaji, kwa sababu mvua ijayo itauchukua. Mafundi huanza na mawe makubwa chini, kisha madogo, kisha changarawe, na udongo mzito ulioshindiliwa mwishoni, baada ya kuyageuza maji njia. Na kabla ya kununua ploti, waulize waliolima hapo zamani.

Ufa wa bonde letu hatuwezi kuuziba, umetutangulia. Lakini mtaro wa mtaa wetu tunaweza kuuzibua hata Jumamosi hii, na sepetu ziko stoo ya shule.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Taja tofauti mbili kati ya mashimo ya Shimoni na ya Nakuru.
2. Kwa nini bomba linalovuja ni hatari kuliko linavyoonekana?
3. Tembea kutoka kwenu hadi shuleni baada ya mvua. Ni wapi maji yanapotea, na nani ameshaambiwa?