Darubini ya Macho Mawili: Kuichagua na Kuituliza kwa Kutazama Nyota

Maana ya namba

Kila darubini ya macho mawili huandikwa namba mbili, kama 7x50 au 10x50. Ya kwanza ni mara ambazo kitu hukuzwa. Ya pili ni kipenyo cha kila lenzi ya mbele, kwa milimita. Ya pili ikigawanywa kwa ya kwanza, hupatikana upana wa mwanga unaoingia jichoni: milimita 5 kwa 10x50, na takriban 7 kwa 7x50. Gizani mboni ya kijana huweza kufunguka hadi milimita 7, lakini hupungua kadiri umri unavyosonga. Kwa wazee wengi, sehemu ya mwanga wa 7x50 hupotea bure.

Darubini ndogo za mfukoni, kama 8x21, hufaa mchana. Usiku lenzi zake hukusanya mwanga kidogo mno. Zinazokuza zaidi ya mara 10 nazo hukuza mtetemo wa mikono, hivyo huhitaji stendi.

Ukaguzi dukani

Darubini ikishikwa mbali kidogo na uso na kuelekezwa penye mwanga, viduara viwili vyeupe huonekana kwenye lenzi za nyuma. Vikiwa mviringo kamili, mwanga unapita wote. Kingo zilizokatika ni dalili ya vioo vya ndani vya daraja la chini. Kitu cha mbali kikionekana viwili, mirija haikulingana, na macho yatachoka upesi. Katika darubini iliyotumika, nyuzinyuzi nyeupe ndani ya lenzi ni kuvu, tatizo la kawaida penye unyevunyevu kama pwani.

Mvaaji miwani hufaidika na darubini inayoonyesha picha nzima jicho likiwa milimita 15 au zaidi kutoka lenzi ya nyuma.

Kuituliza

Mikono ikisogezwa mbele, karibu na lenzi kubwa, na viwiko vikiegemezwa ukutani au kwenye mikono ya kiti, mtetemo hupungua sana. Kwa nyota za utosini, kulala chali mkekani hufaa kuliko kusimama. Darubini nyingi za 10x50 zina tundu la skrubu mbele ya bawaba, chini ya kifuniko kidogo. Kishikizo chenye umbo la L huiunganisha na stendi ya miguu mitatu ya kamera.

Kipimo kizuri cha utulivu ni Mshtarii. Mikono ikitetemeka, miezi yake minne mikubwa, aliyoigundua Galileo mwaka 1610, hupotea katika michirizi ya mwanga; darubini ikitulia, huonekana kama vinukta karibu na sayari. Kilimia nayo, ambayo kwa macho matupu huonyesha nyota sita au saba, hujaa nyota kadhaa zaidi.

Tahadhari

Darubini haielekezwi kwenye Jua kamwe, hata linapozama: miale iliyokusanywa na lenzi huunguza jicho na kuleta upofu.