GOFU YA MILIMANI NA KLABU IKUFAAYO KULE USKOTI

Mpenzi msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Mhariri wa jarida letu aliniomba niwaandalie somo juu ya mchezo wowote ninaoufahamu vyema. Nimechagua gofu. Najua wengi wenu mtaguna: "Ah! Si huo ni mchezo wa mabwanyenye?" Ngojeni kwanza.

Hapa kwetu Kenya, vijana wengi wanaoishi karibu na viwanja vya gofu huujua mchezo huu kwa bega. Wao ndio makedi, yaani wabeba mikoba. Mimi pia nilibeba mikoba wakati wa likizo, katika kiwanja kimoja cha milimani, ili nipate pesa za madaftari. Baadaye masomo yalinipeleka Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, na huko nikaanza kubeba mkoba wangu mwenyewe. Somo langu lina sehemu mbili: kwanza, namna ya kuchagua klabu katika nchi ile yenye viwanja zaidi ya 500, pili, namna ya kucheza mahali penye milima.

Kabla hatujaenda mbali, tutenganishe maneno. Waingereza hutumia neno moja kwa kifaa cha kupigia mpira na kwa chama cha wachezaji. Sisi tusichanganye mambo. Katika somo hili, fimbo ni kifaa na klabu ni chama.

GOFU NI MCHEZO WA NANI?

Mwaka wa 1457, wakati wa Mfalme James wa Pili, Bunge la Uskoti lilipiga marufuku gofu na kandanda. Kisa na maana? Wanaume walikuwa wakiacha mazoezi ya upinde na mishale, nao walihitajika vitani. Hebu fikiri, msomaji: serikali haihangaiki kukataza jambo lisilofanywa na watu wengi. Kwa hivyo ni wazi kwamba tangu zamani gofu ilikuwa imewaingia raia. Kichekesho ni kwamba mwaka wa 1502, Mfalme James wa Nne mwenyewe alinunua fimbo za gofu kutoka kwa fundi wa pinde katika mji wa Perth!

Mwaka wa 1744, wachezaji wa Edinburgh waliandika kanuni 13 za mchezo kwa ajili ya mashindano yao katika uwanja wa Leith. Mwaka wa 1764, wenzao wa St Andrews walipunguza raundi yao kutoka mashimo 22 hadi 18, na hesabu hiyo ndiyo iliyoenea duniani kote.

Lakini jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Kiwanja cha Old Course pale St Andrews, ambacho ni maarufu kuliko vyote, si mali ya klabu yoyote. Ardhi ile ni ya umma, na tangu mwaka wa 1974 inasimamiwa na amana iliyoundwa kwa sheria ya Bunge. Siku ya Jumapili kwa kawaida hakuchezwi. Wenyeji hutembea humo na watoto wao na mbwa wao, wakipita palepale ambapo mabingwa wa dunia hupita. Kwa mtu kama mimi, aliyezoea kuuona uwanja wa gofu kutoka upande wa nje wa ua, hilo lilikuwa somo tosha.

KLABU NA KIWANJA NI VITU VIWILI

Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea njia. Tunadhani kwamba kila kiwanja kina klabu yake, na kwamba usipokuwa mwanachama huwezi kukanyaga nyasi. Uskoti si lazima iwe hivyo. Pale St Andrews, klabu kadhaa hucheza kwenye viwanja vilevile vya umma. Kila klabu ina nyumba yake, kamati yake na mashindano yake, lakini ardhi si yake. Carnoustie pia kuna klabu zaidi ya moja zinazotumia viwanja vya pamoja.

Hata hivyo, zipo klabu za faragha zinazomiliki kiwanja na kila kitu. Huko, ili ujiunge, aghalabu unahitaji mwanachama wa kukupendekeza na mwingine wa kukuunga mkono. Niliwahi kuuliza nafasi katika klabu moja ya aina hiyo, ambayo sitaitaja. Nikaulizwa kwa adabu, "Ni nani anayekufahamu hapa?" Jamani, mimi mwanafunzi mgeni, mwezi wangu wa pili nchini, ningefahamika na nani? Niliaga, nikaenda zangu.

Nilipanda basi la mji hadi Braid Hills, mojawapo ya vilima saba vya Edinburgh. Kiwanja cha pale kilifunguliwa mwaka wa 1889. Wakati huo uwanja wa zamani wa Bruntsfield Links, katikati ya mji, ulikuwa umejaa watu mno hata mipira ikawa hatari kwa wapita njia. Baraza la mji likaona ni heri kutafuta mlima. Basi mpaka leo mtu yeyote anaweza kwenda Braid Hills, akalipa ada ya siku, akacheza. Siku hiyo niliwekwa pamoja na wazee watatu. Mmoja alikuwa dereva wa basi mstaafu. Hakuna aliyeniuliza ninafahamika na nani. Waliuliza tu hendikapu yangu ni ngapi. Baadaye nilijiunga na klabu yao ndogo, isiyo na nyumba ya fahari wala maegesho ya magari makubwa.

MASWALI MANNE KABLA YA KUJIUNGA

Ukitaka klabu ikufaayo, usianze na jina. Jiulize haya:

Kwanza, mfuko wako una nini? Usihesabu ada ya mwaka peke yake. Uliza kama kuna ada ya kuingilia, na kama kuna punguzo kwa vijana na wanafunzi. Klabu nyingi hulitoa. Usiache nauli nje ya hesabu. Kiwanja cha bei nafuu kisichofikiwa na basi ni ghali.

Pili, miguu yako inaweza nini? Viwanja vya pwani, juu ya mchanga, vingi ni vya mwinuko mdogo, ingawa upepo wake si mchezo. Lakini kule Pitlochry, katika eneo la Perthshire, mashimo matatu ya mwanzo yanakupandisha mlima moja kwa moja. Gullane, mashariki ya Edinburgh, utapanda kilima hadi kianzio cha shimo la saba, na hapo utaona bahari yote chini yako. Ni raha kubwa, lakini fikiri kama unaweza kupanda vile kila Jumamosi.

Tatu, wote wanakaribishwa? Hili ni swali zito. Klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews ilipiga kura ya kuwakubali wanawake tarehe 18 Septemba 2014, baada ya miaka 260. Klabu ya Muirfield ilikataa mwaka wa 2016, ikanyimwa nafasi ya kuandaa mashindano makubwa ya Open, kisha ikapiga kura tena mwaka wa 2017 na kukubali. Mwaka wa 2022 mashindano ya Open ya wanawake yalifanyika Muirfield kwa mara ya kwanza. Mshindi alikuwa nani? Ashleigh Buhai wa Afrika Kusini! Mlango uliofunguliwa juzi, Mwafrika akaingia na kutoka na kombe.

Nne, utacheza na nani? Klabu ni watu. Nenda siku moja kama mgeni, ulipe, ucheze. Sikiliza wanavyomsemesha kijana anayeanza. Hapo utapata jibu ambalo halimo katika karatasi zao.

KUCHEZA PENYE MLIMA

Sasa tuingie shambani. Katika kiwanja kile cha nyumbani palikuwa na kedi mmoja mzee aliyependa kuniambia, "Kijana, mlima haupigwi kwa hasira." Nilipofika Braid Hills niliona maana yake. Kule kuna miamba, vichaka vya miiba yenye maua ya manjano, na ni nadra mpira kutua mahali tambarare. Anayetumia nguvu tupu atashinda mchana kutwa akitafuta mipira miibani. Tena kanuni za tangu mwaka wa 2019 zinakupa dakika 3 tu za kuutafuta, si 5 kama zamani. Haya ndiyo mambo ya kuzingatia. Maelezo ya kulia na kushoto ni ya mtu anayepiga kwa mkono wa kulia.

(a) Umbali. Shimo likiwa juu yako, mpira utagonga mlima kabla ya kumaliza safari yake. Kwa makadirio, kila mita moja ya kupanda ihesabu kama mita moja zaidi ya umbali. Mathalani, shimo liko mita 130 mbele na mita 10 juu: piga kama kwamba ni mita 140, kwa kuchukua fimbo ndefu zaidi. Ukipiga kuelekea bondeni, punguza hivyohivyo.

(b) Mpira ukiwa kwenye mpando. Linganisha mabega yako na mteremko, usipigane nao. Mpira utaruka juu sana, na huelekea kushoto. Kwa hivyo chukua fimbo ndefu zaidi na ulenge kulia kidogo.

(c) Mpira ukiwa kwenye mteremko. Uweke karibu zaidi na mguu wa nyuma, kisha uache fimbo ifuate ardhi ikishuka. Mpira utaruka chini na huelekea kulia. Fimbo yenye uso uliolala zaidi itakusaidia kuuinua.

(d) Mpira ukiwa juu ya miguu yako. Simama wima zaidi, shika mpini chini kidogo, lenga kulia, maana mpira utakwenda kushoto.

(e) Mpira ukiwa chini ya miguu yako. Hapa ndipo pagumu kuliko pote. Kunja magoti na uyaache yamekunjwa mpaka umalize kupiga. Lenga kushoto, maana mpira utakwenda kulia. Usitake makuu, robo tatu ya nguvu inatosha.

(f) Upepo. Juu ya kilima upepo ni mkali kuliko bondeni. Isitoshe, mpira unaopigwa kutoka juu hukaa hewani muda mrefu, kwa hivyo upepo hupata nafasi ya kuuchezea.

(g) Shimo usiloliona. Viwanja vingi vya zamani vya Uskoti vina mahali ambapo kilima kimeficha unakolenga. Utaona nguzo juu ya kilima: hiyo ndiyo shabaha. Mara nyingine kuna kengele upande wa pili. Walio mbele huigonga wakishaondoka. Usipige kabla hujaisikia, na wewe pia ukipita usisahau kuigonga. Mtu anaweza kuumia kwa sababu ya usahaulifu wako.

(h) Karibu na shimo. Jitahidi mpira wako utue chini ya shimo, ili umalizie kwa kusukuma kuelekea juu. Mpira unaosukumwa kuteremka ukikosa shimo huenda ukarudi ulikotoka, tena mbali zaidi.

(i) Mkoba na pumzi. Kanuni zinaruhusu fimbo 14, lakini hazilazimishi. Mlimani mimi hubeba 7. Panda kwa mshazari, kama ng'ombe wanavyofanya, wala usiukabili mlima kifua mbele. Ukifika kwenye mpira, pumua kwanza mara tatu. Anayepiga huku akihema hupiga vibaya.

HITIMISHO

Kwa muhtasari, klabu ikufaayo ni ile ambayo ada yake unaimudu, mlima wake unaupanda, na watu wake wanakuita kwa jina lako. Umaarufu ni ziada tu. Nanyi mnaobeba mikoba wakati wa likizo, msidhani mnapoteza wakati. Mnasoma ardhi, upepo na miteremko bila kulipa karo, na elimu hiyo haina ua wala mlinzi langoni. Haba na haba hujaza kibaba.

MSAMIATI

Hendikapu: idadi ya mapigo ambayo mchezaji hupunguziwa ili aliye dhaifu aweze kushindana na hodari. Katika mfumo wa kimataifa ulioanza mwaka wa 2020, ya juu kabisa ni 54.
Kianzio: mahali panapopigwa pigo la kwanza la kila shimo.
Kedi: anayembebea mchezaji mkoba na kumshauri.
Mpini: sehemu ya fimbo inayoshikwa mkononi.
Mshazari: kwenda upande upande, si moja kwa moja.

MAZOEZI

1. Kwa nini sheria ya mwaka wa 1457 inatuonyesha kwamba raia wengi walicheza gofu?
2. Eleza tofauti kati ya klabu na kiwanja ukitumia mfano wa St Andrews.
3. Shimo liko mita 150 mbele yako na mita 15 chini yako. Utapiga kama kwamba ni mita ngapi?
4. "Mlima haupigwi kwa hasira." Tunga kisa kifupi kisichohusu gofu kinachothibitisha usemi huu.

(Majibu ya swali la 3: mita 135. Mengine mjadiliane chamani.)