Karatasi ya bima isomwe ukiwa Pweto

Kampuni na mashirika yenye ofisi Lubumbashi yanazidi kuwapa wafanyakazi wao wa Pweto na Kilwa fomu za bima ya afya wachague na kutia sahihi. Karatasi hizo huandikwa na watu wanaoishi mjini, na hilo linaonekana. Haya ni baadhi ya maswali yanayoulizwa zaidi.

Patroni wetu ameleta plani mbili. Ya kwanza inalipa pesa nyingi kwa mwaka, ya pili kidogo. Tuchague ipi?

Kwanza jueni nani anadaiwa. Kifungu cha 177 cha Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi na familia yake matibabu wakati wa ugonjwa, ajali, mimba na kujifungua: munganga, upasuaji, meno, dawa, kulazwa. Bima ni njia aliyoichagua patroni ya kulipa deni hilo, si zawadi ya mwisho wa mwaka. Hivyo mkiona kwamba plani inakata sehemu kubwa ya mshahara wenu, ulizeni kwa nini, na muulize kupitia wajumbe wa sendika, si mmoja mmoja mlangoni. Na pesa za plani zikiisha mwezi wa tisa, iliyofika mwisho ni bima. Wajibu wa patroni haujaisha. Mambo yakikwama, kuna Mkaguzi wa Kazi, ambaye sheria imempa jukumu la kupatanisha kabla ya mahakama.

Sasa plani zenyewe. Wekeni kando ile namba kubwa ya dola na mfungue orodha ya hospitali na famasi zilizo na mkataba. Je, Hospitali Kuu ya Rufaa ya Pweto imo? Ya Kilwa imo? Kuna famasi yoyote upande huu wa Kasomeno? Nimeona orodha zenye kliniki nyingi nzuri ambazo zote ziko Lubumbashi. Kwa mtu wa Pweto, plani ya namna hiyo ni plani ya safari. Mtoto akipandisha homa saa nane usiku mwezi wa pili, mvua imekata barabara, kliniki ya Lubumbashi haimsaidii kitu, hata kama kiwango chake ni kikubwa mara kumi.

Ndiyo maana mimi ningechukua ile ndogo, ikiwa inakubaliwa hapa nyumbani na mgonjwa anapokelewa kwa bono bila kutoa pesa mfukoni. Plani ya kulipa kwanza na kurudishiwa baadaye inamfaa mwenye akiba. Tena inadai faktura yenye muhuri, jina la mgonjwa na jina la dawa, na kwenye famasi ndogo za soko letu karatasi hiyo haipatikani bila kuipigania. Kama hakuna njia nyingine, nunueni dawa hospitalini, mpewe faktura hapohapo.

Imeandikwa "usafiri wa mgonjwa unalipwa." Inatosha?

Haitoshi. Mwulize mtu wa bima: nani anaamua kwamba mgonjwa asafirishwe, munganga wa Pweto au daktari mshauri aliyekaa Lubumbashi? Simu ipi inapokelewa usiku na Jumapili? Gari linatoka wapi, na mtu wa kumsindikiza mgonjwa analipiwa? Kifungu kilekile cha 177 kinataja gharama za usafiri wa mgonjwa asiyeweza kujiendea. Majibu yawe kwenye karatasi. Ahadi ya mdomo ya ajenti hubaki kwa ajenti.

Zamani tulijua SONAS peke yake. Hizi kampuni mpya ni za kuaminiwa?

SONAS, kampuni ya bima ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikuwa peke yake sokoni kwa miaka mingi. Sheria ya bima ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, na leseni za kwanza zilitoka mwaka 2019. Msimamizi wao ni ARCA. Kampuni isiyo na idhini ya ARCA, msiiguse. Mituweli za afya ni kitu kingine, zina sheria yao ya tarehe 8 Februari 2017, na hazifai kudharauliwa: mituweli ndogo yenye mkataba na hospitali ya zone yenu inaweza kuwafaa kuliko kampuni yenye jengo la vioo.

Katanga tunajua pia njia ya tatu, lupitalo ya kampuni yenyewe. Wazee wa kampuni ya madini ya Gécamines wanasimulia jinsi mtoto alivyozaliwa, akachanjwa na kutibiwa katika hospitali moja bila kulipa hata franka. Halafu mwaka 2003 wafanyakazi karibu elfu kumi waliondoka katika mpango ule wa "kuondoka kwa hiari", na familia nyingi zikajikuta nje ya lango. Kwa hiyo plani yoyote mnayopewa, ulizeni: siku mkataba wa kazi ukiisha, mgonjwa aliyelazwa siku hiyo anatolewa kitandani au anamalizia matibabu?

Naweza kumwandika mama yangu mzazi? Yeye ndiye anayenilelea watoto.

Pole, ndugu. Kwa maana ya Sheria ya Kazi, familia ya mfanyakazi ni mwenzi wa ndoa na watoto, pamoja na wa kuasili na walio chini ya ulezi wako kisheria. Wazazi hawamo. Baadhi ya plani hukubali umwongeze kwa kulipa mwenyewe, na hapo mituweli mara nyingi ni nafuu. Lakini kabla ya mama, hakikisha watoto wote wameandikwa, na vyeti vyao vya kuzaliwa vipo. Mtoto asiye na cheti ndiye wa kwanza kukataliwa.

Nina mimba ya miezi mitatu, na bima inasema nisubiri miezi kumi.

Mama, bima inaweza kuweka muda wa kusubiri, lakini mwajiri wako hana ruhusa hiyo: mimba na kujifungua vimetajwa wazi katika sheria. Mwandikie barua, ubaki na kopi. Likizo yako ya uzazi ni wiki 14, kwa theluthi mbili ya mshahara. Usisubiri majibu ndipo uanze kliniki.

Tutamjuaje munganga wa kweli?

Kituo cha afya huongozwa na muuguzi mkuu, na hilo si kasoro; kwa malaria, kuhara au kidonda, anza kwake. Daktari yuko hospitali kuu ya rufaa, na karatasi ya rufaa kutoka kituoni ndiyo bima nyingi zinaidai kabla ya kulipa. Daktari halali ameandikishwa katika Chama cha Madaktari na ana namba yake, ambayo kwa kawaida iko kwenye muhuri wake. Ukiwa na shaka, nenda ofisi ya zone ya afya. Munganga mkuu wa zone anajua nani anatibu katika eneo lake na nani amefungua chumba tu.

Mwenye presha, sukari, au mtoto wa SS (seli mundu) atafute munganga mmoja na ashikamane naye, na plani iseme waziwazi kwamba ugonjwa uliokuwepo kabla unalipwa. Wengi hugundua neno hilo halimo siku ya kuongezewa damu. Dawa za kifua kikuu na za ukimwi, pamoja na chanjo za watoto, ni za bure katika mipango ya serikali, usikubali zihesabiwe kwenye plani yako.

Nimevunjika mkono kazini. Niende kwa bima?

Tibiwa kwanza, lakini mwajiri aitangaze ajali kwa CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii. Ajali za kazi ni mzigo wa CNSS, ambayo mwajiri anailipia mchango kila mwezi.

Mimi ni mwalimu wa serikali.

Mwalimu, Sheria ya Kazi haikuhusu. Wewe una hadhi ya wafanyakazi wa serikali. Mituweli yenu ni MESP, iliyoanzia Kinshasa na kuingia Lubumbashi. Kama makato yanaonekana kwenye mshahara wako, dai kujua ni kituo gani cha karibu kinachokupokea.

Niko Kilwa. Naweza kuvuka ziwa Moero nikatibiwe Hospitali ya St. Paul's, Kashikishi, upande wa Zambia?

Watu wanavuka, nami siwalaumu. Lakini mikataba mingi inaishia mpakani. Omba ruhusa ya maandishi kutoka kwa daktari mshauri kabla ya kupanda mtumbwi. Ikiwa ni dharura, mwajiri apigiwe simu siku hiyohiyo, na utoke hospitalini na ripoti pamoja na risiti zenye muhuri, hata zikiwa za kwacha.